Barsaba Aliyekosa Nafasi

Somo: Matendo ya Mitume 1:15–26



Kila mwaka, likizo ndefu ya vyuo inapokaribia, watoto wetu wanaosoma sheria huanza kuandika barua. Kijana wa Nkwenda anayesoma Mwanza na binti wa Kayanga anayesoma Dar es Salaam, wote huwaandikia mawakili wakiomba kupokelewa kwa mafunzo ya vitendo, ile ambayo wenyewe huiita fildi. Wengine wamekwisha kuhitimu, nao huomba kukaa katika ofisi ya wakili miezi kadhaa wapate kujifunza kazi, hata bila mshahara. Mtu mmoja aweza kuandika barua ishirini au thelathini. Majibu yanayorudi ni machache, na mengi ya hayo ni yale yale: tunasikitika, nafasi zimejaa. Barua nyingine hazijibiwi kabisa.

Tumeona yafaa kulisemea jambo hili katika gazeti letu, maana katika mitaa yetu ya Karagwe na Kyerwa limekuwa jambo la machozi. Wapo vijana ambao kwa sababu hii hawarudi nyumbani Krismasi. Si kwamba nauli imekosekana. Wanaogopa kusimama nje ya kanisa baada ya ibada na kuulizwa mbele za watu, "Mwanasheria wetu, umeshapata?" Anayeuliza anauliza kwa upendo. Lakini anayeulizwa ameulizwa hivyo mara kumi asubuhi ile.

Basi na tumtazame mtu mmoja ambaye mara nyingi tunampita tunaposoma Maandiko. Yuda alipokwisha kuondoka, nafasi moja ilibaki wazi kati ya mitume. Petro akasimama katikati ya ndugu, wapata mia na ishirini, akataja sifa za anayetakiwa: awe amefuatana nao wakati wote, tangu ubatizo wa Yohana hata siku Bwana alipochukuliwa juu. Wakapatikana wawili. Mmoja ni Mathiya. Wa pili ni Yusufu aitwaye Barsaba, ambaye pia aliitwa Yusto, jina la Kilatini lenye maana ya mwenye haki. Wakaomba, wakapiga kura, nayo kura ikamwangukia Mathiya.

Angalieni sana jambo hili. Barsaba alizitimiza sifa zote, kwani asingewekwa mbele kama ingalipungua hata moja. Alimfuata Bwana miaka ile yote katika vumbi na njaa, sawasawa na Mathiya. Hakuna mahali Maandiko yanaposema neno baya juu yake, wala Petro hakumwambia kwamba imani yake ilikuwa haba. Nafasi ilikuwa moja na watu walikuwa wawili. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kimemwekea Mathiya siku yake, tarehe 24 Februari. Barsaba hakuwekewa siku.

Hapa lugha yetu ya Kiswahili ina mtego. Tunasema "amekosa" kwa mambo mawili. Mtu aliyekwenda dukani asipate chumvi, amekosa. Na mtu aliyeiba mbuzi wa jirani, naye amekosa. Neno ni moja, lakini wa kwanza hana hatia yoyote. Baba anapowaambia wageni sebuleni, "Huyu amekosa nafasi kwa mawakili," yeye anataja chumvi. Kijana aliye chumba cha pili anasikia habari ya mbuzi. Anaanza kujiona mkosaji, na akiisha kujiona hivyo hujificha kama mkosaji, hajibu simu za nyumbani, haji kanisani. Tumewaona.

Na hili lashangaza zaidi kwa wanafunzi wa sheria, kwa kuwa wao, kuliko sisi sote, wamefundishwa hukumu ni kitu gani. Mtu hahukumiwi kabla ya kusikilizwa. Katiba yetu ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(a), inalinda haki hiyo. Na miaka mingi kabla ya Katiba hiyo, Nikodemo aliwauliza wakuu wenzake kama torati yao humhukumu mtu bila kumsikia kwanza na kujua atendalo (Yohana 7:50–51). Sasa, ewe mwana wetu, ile ofisi iliyokuandikia mistari mitatu ilikusikiliza lini? Ilikuita? Ilikuuliza neno? Ilitoa sababu zake? Kama haikukusikiliza, haikukuhukumu. Ilikuambia tu kwamba kiti hakipo.

Na mara nyingi ni kweli kwamba kiti hakipo. Ofisi nyingi za mawakili katika miji yetu ni chumba kimoja au viwili, wakili mmoja au wawili, karani, meza, na majalada hadi darini. Wakili amefungwa na siri za wateja wake, hawezi kumkalisha kila mgeni penye majalada hayo. Akipokea mwanafunzi mmoja wa kweli amepokea mzigo, maana atamfundisha, atasahihisha kazi yake na kumjazia fomu za chuo. Wakati huo huo barua zilizo mezani ni nyingi, kutoka kila chuo chenye kitivo cha sheria.

Hatusemi haya ili kuwafunika vijana kwa blanketi. Zipo barua zinazostahili kukataliwa. Barua iliyonakiliwa, yenye jina la ofisi nyingine juu yake, inamwambia wakili kwamba mwandishi hasomi anachotia sahihi, na katika kazi ile kusoma unachotia sahihi ndiyo nusu ya kazi. Barua ya kurasa tatu ya kujisifu haimsaidii mtu. Iwe ukurasa mmoja, iandikwe kwa mtu mwenye jina, itaje tarehe za likizo, chuo na mwaka wa masomo, tena iseme kitu kimoja unachoweza kufanya kweli: kuchapa hati bila makosa, kutafuta hukumu za zamani, kutafsiri maelezo ya mteja asiyejua ila Kinyambo. Hilo la mwisho vijana wetu hulificha kana kwamba ni aibu! Kwa wakili mwenye wateja wa vijijini huku kwetu, ni hazina. Tena wote wasiandikie ofisi kubwa za Dar es Salaam peke yake. Kuna mawakili Bukoba, na huku kwetu kuna mahakama yenye makarani wanaojua kazi.

Mtihani ni jambo jingine, nasi tusichanganye mambo. Mwezi Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumza habari za Shule ya Sheria kwa Vitendo, ambako kila anayetaka kuwa wakili hupitia. Katika watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na walioshindwa kabisa 265. Katika mtihani mtu amesikilizwa kwa kiasi fulani, na matokeo yana neno la kumfundisha. Na aketi alisikilize. Lakini hata hapo Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu, kwa maana wengi mno wakianguka pamoja, njia nayo hukaguliwa.

Sasa neno kwa wazazi. Twajua ada ilitoka wapi. Wengine waliuza ng'ombe. Wengine waliingia katika butura, wakauza kahawa ikali changa mtini kwa bei ya mwenye fedha, na msimu ulipofika wakavuna mali ya mtu mwingine. Baba aliyefanya hivyo ana haki ya kuuliza habari za mwanawe, wala hatutamnyamazisha. Ila kahawa ile ilinunua masomo, na masomo mtoto ameyapata. Kiti katika ofisi ya mtu mwingine hakikuwa kikiuzwa pale. Mzazi anayemwambia mwanawe, "Tumepoteza shamba kwa ajili yako," anamtwika deni ambalo kijana wa miaka ishirini na mitatu hana mahali pa kulilipia, na wengine chini ya mzigo huo wamefikiri mawazo mabaya ya kujidhuru. Mtoto akianza kunyamaza, asile, asilale, msingoje. Mleteni kwa mchungaji, na mpelekeni hospitali pia. Kwenda hospitali si kukosa imani.

Twataka tuseme pia kwamba kazi ya sheria haianzi katika jengo la ghorofa. Mwaka 1988, huko Muleba, mwanamke mmoja aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Ndugu wa ukoo akamshtaki kwamba kwa mila mwanamke hawezi kuuza. Katika mahakama ya mwanzo mwanamke akashindwa. Mahakama ya wilaya ikamwona ana haki, na shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kuuza shamba ambayo mwanamume anayo inapingana na Katiba. Leo shauri hilo la Ephrahim dhidi ya Pastory husomwa na wanafunzi wa sheria hata nje ya nchi yetu. Lilitoka kwenye migomba ya Kagera.

Na migomba yetu bado ina mashauri. Wajane wanahamishiwa mipaka usiku. Wazee wanakufa bila wosia ulioshuhudiwa. Mtu anapeleka shauri la ardhi baraza la kata akidhani litamwamulia, hajui kwamba tangu mwaka 2021 kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha tu, na kwamba wasipopatana katika siku 30 mlango wa kuendelea ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliofunzwa na kusajiliwa. Kijana aliyekosa fildi ya mjini aweza kuomba kukaa likizo nzima pamoja na watu hao, akiandika maelezo ya wajane na kujifunza jinsi ugomvi wa mpaka unavyoanza. Asijiite wakili, maana sheria inakataza na ni uongo. Hatutaki kusema kwamba jambo hili ni sawa na ofisi ya wakili mkubwa. Si sawa. Lakini ni kazi ya kweli, na anayeifanya atakuwa na la kuandika katika barua yake ya mwaka ujao.

Huko Marekani alikuwako dada mmoja, Sandra Day O'Connor, wa Kanisa la Episkopali, yaani Mwanglikana mwenzetu. Alihitimu sheria katika chuo cha Stanford mwaka 1952 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora. Ofisi zaidi ya arobaini hazikutaka hata kumsaili kwa kuwa ni mwanamke, na moja ikamwambia labda awe katibu. Akaenda kwa mwanasheria wa serikali ya mtaa, akakubali kufanya kazi bila mshahara na kuketi chumba kimoja na katibu. Mwaka 1981 akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi ile.

Habari yake yatia moyo, lakini na tuitumie kwa uangalifu. Tukisema kila aliyekataliwa atakuwa jaji mkuu tutakuwa tumesema uongo madhabahuni. Wengi hawatakuwa. Wengine watafundisha shule, wengine watafanya biashara ya kahawa, wengine watapata ofisi wakiwa na miaka arobaini. Kwa hiyo tunarudi kwa Barsaba, ambaye habari zake za ukuu hatuzisomi mahali popote katika Biblia. Baada ya siku ile ya kura hatajwi tena.

Hata hivyo fungueni sura inayofuata. Siku chache baadaye, Pentekoste ilipotimia, walikuwako wote mahali pamoja. Luka anasema wote, wala hasemi kwamba Barsaba alifunga mizigo akaenda kwao kwa aibu. Ndimi za moto zilipogawanyika ziliketi juu ya kila mmoja wao, wala haikuulizwa ni nani aliyepata nafasi na ni nani aliyekosa. Kama Barsaba angalibaki nyumbani siku ile kwa kuogopa kuulizwa swali mlangoni, angaliukosa moto.

Kwa hiyo twawaomba ninyi mnaosimama nje ya kanisa baada ya ibada: mtoto wa chuo akija Krismasi, mwulizeni habari za safari, za Kyaka na mvua, za afya yake. Mpeni somo asome lekterini, na mpeni Umoja wa Vijana wamtume. Habari za kazi atazileta mwenyewe akiwa tayari.

Na aliye na barua ya kuandika, wala hana mtu wa kumsomea kabla haijatumwa, ailete kwa kasisi wa mtaa wake. Katika kila mtaa wapo walimu wastaafu wenye kalamu nyekundu na macho makali, na wanafurahi kuombwa.