Makaburi Yale Tunayatunzia Nani?



Kando ya Uhuru Highway, si mbali na Industrial Area, kuna makaburi ya zamani, Nairobi South Cemetery. Wengi wetu tunayapita ndani ya matatu bila kugeuza shingo. Hapo wamelala Wazungu wa siku za kwanza za mji huu, na askari wa vita vya 1914 hadi 1918.

Kijana mmoja aliniuliza: "Mchungaji, kwa nini tutunze kaburi la mtu aliyekuja kuchukua shamba la babu?" Hilo swali ni la haki.

Katika Mwanzo 23, Ibrahimu, mgeni katika nchi, alitaka mahali pa kumzika Sara. Wenyeji wakamwambia achukue bure. Akakataa, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi. Walowezi wetu hawakufanya hivyo. Tusifiche.

Lakini angalia upande wa pili. Jina la Kariokor linatokana na Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo vitani. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa. Mawe yao yako wapi? Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa sababu Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina.

Sasa nikuulize: tukivunja yale mawe, mpagazi atapata jina? Hapana. Tutakuwa tu tumeongeza wasio na majina.

Soma 2 Samweli 21. Sauli aliwaua Wagibeoni, na Biblia haikumfichia. Hata hivyo Rispa alilinda maiti za nyumba ya Sauli, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Daudi aliposikia, alikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani akaizika. Dhambi ilitajwa, na mfu akazikwa. Moja halikuzuia lingine.

Kwa hiyo kutunza kaburi si kumsifu aliyelala ndani. Shamba tulidai kwa walio hai. Mifupa haiwezi kurudisha ekari hata moja.

Wiki hii, mpendwa, muulize shosho: nani wa ukoo wetu alipelekwa vitani asirudi? Andika hilo jina kwa daftari, kabla shosho naye hajaondoka nalo. Mungu analijua, lakini wajukuu wako hawatalijua usipoliandika.