Dhambi Isiyo na Mwenyewe

Miongoni mwa maswali yanayoitaabisha dhamiri ya mtu atakaye kuishi kwa insafu, liko moja ambalo wanazuoni wa dini na wa falsafa wamelipitia kwa njia nyingi, nalo ni hili: je, yaweza kuwapo dhulma pasipo na dhalimu? Yaani, yaweza kutukia kwamba watu mia moja wakakaa kila mmoja katika kiti chake, kila mmoja akakata shauri lake kwa nia aiaminiyo kuwa safi, kila mmoja akawa tayari kuapa mbele ya Mola wake kwamba hakumnyima mtu haki kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, na hata hivyo mashauri yao yote yakijumlishwa yakawa ni uonevu usiofichika? Nalileta swali hili katika mpira wa miguu wa Uingereza, mchezo ambao kila Jumamosi hujaza vijana wetu katika vibanda vya Manzese, Kisauni na Ng'ambo, kwa kuwa sijui mahali pengine ambapo linajidhihirisha wazi kuliko huko.

Ubaguzi wa kelele hautusumbui akili, ijapokuwa hutuumiza moyo. Mwaka 1988, katika uwanja wa Goodison Park, ndizi ilirushwa kutoka jukwaani ikaanguka karibu na miguu ya John Barnes, winga wa Liverpool aliyezaliwa Jamaika, naye akaisukuma nje kwa kisigino na kuendelea na mchezo. Picha ya kitendo hicho ingali ikionekana mpaka leo. Dhambi ile ilikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na mkono uliorusha, na mkono huo ungeweza kushikwa, na mwaka 1991 Bunge la Uingereza likatunga sheria iliyofanya nyimbo na kelele za kibaguzi viwanjani kuwa kosa la jinai. Lakini tumfuate Barnes yule yule mpaka siku alipotaka kuongoza. Alipewa Celtic mwaka 1999, akaondolewa mwezi Februari 2000 baada ya kufungwa na timu ndogo ya Inverness katika Kombe la Skotlandi. Kisha akangoja mpaka mwaka 2008 alipoitwa kuifundisha timu ya taifa ya Jamaika, akapata miezi michache Tranmere mwaka 2009, na baada ya hapo hakupata kiti tena. Safari hii hapana aliyemrushia kitu. Simu haikulia tu. Nani basi tumshike?

Wala haiwezi kusemwa kwamba watu weusi ni wageni wa juzi katika mchezo huo. Arthur Wharton, aliyezaliwa Accra mwaka 1865, alilinda lango la Preston North End tangu karne ya kumi na tisa, akaja akazikwa mwaka 1930 katika kaburi lisilo na jiwe, mpaka alipowekewa jiwe mwaka 1997. Tony Collins alikabidhiwa Rochdale mwaka 1960, akaifikisha klabu ile ya daraja la nne katika fainali ya Kombe la Ligi ya mwaka 1962, jambo ambalo lingemtosha kocha mwingine yeyote kuwa cheti cha maisha. Nayo milango iliyofunguka kwake haikuwafungukia wenziwe mpaka miaka ya 1990. Ruud Gullit, akiwa kocha, akaipatia Chelsea Kombe la FA mwaka 1997. Hata hivyo, Chris Hughton alipoachishwa kazi Norwich mwezi Aprili 2014, Ligi Kuu nzima, yenye wachezaji weusi wasiohesabika kwa vidole, ilibaki bila kocha mweusi hata mmoja katika viti vyake 20.

Sababu ya hayo yote, kwa rai yangu, ni dhana, na dhana ni kitu kigumu kushitakiwa kwa kuwa mwenye kuibeba haoni kuwa ameibeba. Tangu zamani weusi katika mpira wa Uingereza waliwekwa pembeni mwa uwanja wakimbie, na nafasi za katikati, ambako mchezo hupangwa, wakaachiwa wengine. Mwaka 2020 uchunguzi uliofanywa kwa kushirikiana na chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza ulionyesha kwamba watangazaji wa televisheni huwasifu wachezaji wenye ngozi nyeupe zaidi kwa akili na bidii, na wenye ngozi nyeusi zaidi kwa nguvu na kasi. Msikilize mtangazaji kwa dakika 10 utayasikia haya mwenyewe: huyu anausoma mchezo, yule ana mapafu, huyu ni bongo ya timu, yule ni mashine. Hapana tusi katika maneno hayo, na anayesifiwa kwa mbio huenda akafurahi. Walakini mtu anayesifiwa mwili kwa miaka 15 mfululizo, siku atakapovua viatu na kuomba kazi ambayo chombo chake ni akili, atakuta kwamba sifa zake zote zilikuwa ni hukumu iliyokwisha kutolewa juu yake.

Kazi ya mchezaji hulipwa kwa alichokwisha kuonyesha, ama kazi ya kocha ni amana. Hukabidhiwa mtu kwa sababu amekwisha aminiwa kabla hajaonyesha lolote. Hapo ndipo rangi inapotia kizuizi ambacho haikutia katika kazi ya miguu. Historia ya Kiislamu ina kisa ambacho Waswahili wengi wamekisikia msikitini, nacho kwangu kina uzito mkubwa katika jambo hili. Mwaka wa 11 wa Hijra, Mtume Muhammad, naye yu mgonjwa wa maradhi yaliyomfisha, aliandaa jeshi la kwenda mipaka ya Sham, akamweka juu yake Usama bin Zaid, kijana wa miaka ipatayo 18, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru na wa Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi. Katika jeshi lile walikuwamo wazee wa Kikureshi waliotangulia katika dini. Watu wakanung'unika. Wengine walitaja ujana wake, na yamkini ujana ndio waliodhani kuwa sababu yao. Ila katika masimulizi hayo hatusikii mtu aliyesema kwamba Usama hafai kupigana. Kilichowalemea ni kuamrishwa naye. Mtume akatoka na kichwa chake kimefungwa kitambaa kwa maumivu, akapanda mimbari, akawakumbusha kwamba hata uongozi wa baba yake waliutia ila hapo kabla, na kwamba baba alistahiki na mwana anastahiki.

Mtume alipofariki wapo waliomwomba Abubakari, Khalifa aliyemfuata, aweke jemadari mwenye umri mkubwa zaidi, naye akakataa kwa hasira. Siku ya kuondoka, Usama alikuwa amepanda mnyama, na Khalifa wa Waislamu alikuwa akitembea kwa miguu kando yake vumbini. Usama akaona haya, akamtaka ama apande, ama amruhusu yeye ashuke. Abubakari hakukubali lolote kati ya hayo mawili. Kisha akamwomba kijana yule ruhusa, kama mtu anavyomwomba mwenye amri, kwamba amwachie Umar abaki Madina amsaidie. Naona katika tendo hili elimu kubwa. Abubakari hakutosheka kumpa Usama cheo. Alikiheshimu cheo kile mbele ya macho ya wale waliokitilia shaka, kwa kuwa alijua kwamba amri isiyo na staha nyuma yake huvunjika katika taabu ya kwanza.

Staha hiyo ndiyo waliyoikosa wengi katika mpira. Paul Ince, nahodha wa kwanza mweusi wa timu ya taifa ya Uingereza, alipewa Blackburn mwaka 2008, akaondolewa baada ya mechi 17 za ligi. Sisemi kwamba matokeo yake yalikuwa mazuri, maana hayakuwa, na makocha weupe nao hufukuzwa kila mwaka kwa matokeo kama yale. Nasema juu ya yaliyofuata: wenziwe weupe waliofukuzwa huonekana tena katika klabu nyingine za daraja lile lile, mara mbili, mara tatu, na kushindwa kwao huitwa tajriba, ilhali Ince aliendelea na kazi katika madaraja ya chini na hakuongoza tena timu ya Ligi Kuu. Chris Hughton, ambaye baba yake ni Mghana, aliirudisha Newcastle katika Ligi Kuu mwaka 2010 kwa pointi 102. Mwezi Oktoba timu yake ikawafunga mahasimu wao Sunderland mabao 5 kwa 1. Na mwezi Desemba akaondolewa, timu ikiwa katikati ya msimamo, kwa maelezo kwamba anahitajika mtu mwenye tajriba zaidi. Mtu ataipata wapi tajriba akiondolewa kwa kuikosa?

Sasa narudi katika swali nililolianza. Wale walioamua mambo haya, mmoja mmoja, huenda kila mmoja alikuwa na hoja yake: huyu alifungwa mno, yule hakupatana na wachezaji, huyu mwingine hakuomba kazi. Mahakama haiwezi kumtia hatiani hata mmoja. Lakini mafakihi wetu walikwisha kutupa njia ya kulifikiri jambo hili, walipotofautisha fardhi ya kila mtu na fardhi ya kifaya. Akifa mtu mtaani na akazikwa na wachache, wengine wote wamesalimika. Asipozikwa na mtu, dhambi haikosi mwenyewe kwa sababu haina mmoja. Ni ya kila aliyejua na akaweza. Kuchunguza dhana juu ya akili ya mtu mweusi ilikuwa ni fardhi ya namna hiyo juu ya wenyeviti wa klabu zote, na kwa kuwa kila mmoja alidhani kwamba itatekelezwa na klabu ya jirani, imebaki juu ya shingo zao wote.

Ndiyo sababu sioni haki kwa wale wanaoichukia kanuni ya Rooney, iliyoanza mwaka 2003 katika ligi ya mpira wa Kimarekani na baadaye kuigwa kwa namna fulani na ligi za madaraja ya chini Uingereza. Husema kwamba kazi haifai kutolewa kwa rangi. Kanuni hiyo haimpi mtu kazi. Ilipoanza ilimtaka mwajiri amsikilize mgombea mmoja, angalau, wa jamii iliyoachwa nyuma, kabla hajaamua. Udhaifu wake uko kwingine: mwaka 2022 kocha Brian Flores aliishitaki ligi ile ya Marekani akidai kwamba aliitwa kusailiwa kwa kutimiza desturi tu, ilhali kazi ilikwisha kuwa na mwenyewe. Sikio laweza kulazimishwa kusikiliza. Moyo haulazimiki kuamini.

Na tusiwanyoshee vidole Waingereza kana kwamba maradhi haya ni yao peke yao. Mashirikisho yetu ya Afrika yamezoea kumtafuta kocha ng'ambo kwanza, na mzalendo kuitwa pale mambo yanapoharibika. Katika fainali za Mataifa ya Afrika mapema mwaka 2024, Hemed Suleiman wa Zanzibar alikabidhiwa Taifa Stars katikati ya mashindano, baada ya kocha wa kigeni kusimamishwa. Akatoka sare na Zambia na Kongo. Senegal ilitangulia kuchagua njia nyingine. Ilimpa kazi Aliou Cissé mwaka 2015, mtu ambaye akiwa nahodha alikosa penalti ya mwisho katika fainali ya mwaka 2002 mjini Bamako. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 alikuwa kocha pekee mweusi kati ya timu 32, na akatolewa kwa wingi wa kadi za njano. Mwaka 2019 akafungwa katika fainali ya Afrika mjini Cairo. Shirikisho lake halikumwondoa. Mwezi Februari 2022, mjini Yaoundé, Senegal ikaishinda Misri kwa mikwaju ya penalti, ikatwaa kombe la Afrika kwa mara ya kwanza.