Soma Ubongo, Simu Unayo

Mtu akianguka kwa kifafa stendi ya matatu mjini Nakuru, watu hujaa upesi. Mmoja anatafuta kijiko amtie mdomoni, mwingine anambana mikono, wa tatu anarudi nyuma kwa kuogopa povu. Wote wana simu mfukoni, na humo mna mafunzo ya kuwaonyesha la kufanya: ondoa vitu vigumu karibu naye, weka nguo laini chini ya kichwa, mgeuze alale ubavu, usimtie chochote mdomoni, tazama saa. Dakika 5 zikipita bado anatetemeka, mkimbize hospitali. Na povu haliambukizi kifafa!

Somo hilo ni fupi kuliko safari ya kwenda Njoro. Nani basi alisema elimu ya ubongo ni ya madaktari peke yao?

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na hadi asilimia 70 wangeishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitoni ni dawa ya kifafa ya miaka mingi, tena ya bei nafuu. Lakini mtoto anafichwa chumbani wageni wakija, na haendi shule, kwa sababu jamaa zake wanadhani amerogwa. Hilo linaniuma sana, kwa kuwa dawa yake ya kwanza ni kujua.

Pa kuanzia kuujua ubongo papo. Chuo Kikuu cha Tasmania, Australia, hutoa bure kozi ya demensia, maradhi ya kupotewa na kumbukumbu, na huhitaji kuwa umesomea udaktari. Inakufaa wewe unayemtunza nyanya anayeuliza jambo moja asubuhi nzima. Profesa Peggy Mason wa Chuo Kikuu cha Chicago anafundisha ubongo na neva kwenye Coursera, tovuti ya kozi. Chuo Kikuu cha Harvard nacho kina kozi kama hiyo kwenye tovuti ya edX. Kozi hizi ni za Kiingereza, na maneno mengine ni magumu kweli. Basi someni pamoja, chama chenu au vijana wa kanisa, anayeelewa awaeleze wenzake. Bando likisumbua, pakua video penye Wi-Fi ukatazame nyumbani.

Mhamasishaji wa afya wa Gilgil, mwalimu wa Subukia, mwendesha boda wa Molo: nyinyi humfikia mgonjwa kabla ya daktari yeyote. Kozi haitakufanya daktari. Itakufanya jirani anayejua mgonjwa apelekwe wapi, na lini. Jisajili leo, kabla hujalala.