Ni Nani wa Kuleta Ushahidi?

Mtu aliyezaliwa katika mji, akakulia humo na kuzeekea humo, akiambiwa athibitishe kuwa ni mwenyeji, je, ameulizwa swali la haki au amedhulumiwa? Wengi hujibu kwa hasira kabla ya kufikiri. Yafaa tulipime jambo hili kwa insafu.

Kura ni haki ya raia, na kila dola ina haki ya kuilinda. Asemaye kwamba mgeni asipige kura hakukosea. Shida haimo katika lengo, imo katika njia.

Tutazame Marekani. Sheria ya mwaka 1993 iliwawezesha watu kujiandikisha kupiga kura pale pale waombapo leseni ya kuendesha gari, kwa kutia saini tamko kwamba wao ni raia. Na asemaye uwongo huadhibiwa. Jimbo la Kansas halikutosheka na tamko hilo. Kuanzia mwaka 2013 lilitaka cheti cha kuzaliwa, pasipoti au hati nyingine mfano wa hizo. Waombaji zaidi ya 31,000 wakazuiliwa. Mahakama ilipochunguza, iliona kwamba wasio raia walioingia daftarini kwa muda wa miaka 19 hawakuzidi 39. Mwaka 2018 ikaitengua sheria ile, na mwaka 2020 mahakama ya rufani ikakubaliana nayo.

Mtu aweza kusema, hata mmoja ni mwingi. Kweli, kosa ni kosa. Lakini kumnyima mwenye haki nalo ni kosa, wala halipungui kwa kuwa limetendwa kwa jina la hadhari. Mafakihi hufundisha kwamba adaiye ndiye aletaye ushahidi. Utauliza, aombaye si ndiye adaiye? Naam, na tamko lake ndio ushahidi wake wa kwanza. Ikitokea dalili ya uwongo, hapo na aulizwe zaidi. Ama dhana tupu, hiyo haimtoi mtu katika watu wake.

Sisi wa pwani twayajua haya. Kenya, asiye na kitambulisho wala pasipoti haandikishwi kupiga kura. Wamakonde walingoja hadi mwaka 2016 kutambuliwa, na Wapemba hadi mwaka 2023, ilhali Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 83, yataka taratibu za kuandikisha zimrahisishie raia, zisimzuie.

Lakini tusiwalaumu wakubwa peke yao. Ni wangapi kati yetu huzaa nyumbani wasiandikishe mtoto, au huandika jina la baba namna tatu katika hati tatu? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ya kuandikiana deni: yatuamuru kuandika, na papo hapo yakataza mwandishi na shahidi wasitiwe madhara. Basi raia na aandike mapema, na mwenye kalamu asiifanye kalamu yake kuwa silaha. Kila mmoja akitimiza lake, mzee wa mji hataulizwa tena katoka wapi.