Manabii Mia Nne wa Mfalme
(1 Wafalme 22)

Ahabu mfalme wa Israeli alipotaka kwenda kupigana na Washami, manabii wapata mia nne walimwambia aende, atashinda. Mikaya peke yake alimwonya, naye akatiwa kifungoni. Tusimshangae Ahabu mno. Sisi Wakristo wa Kievangeli tunayo habari iliyo karibu nasi zaidi.

Mwaka wa 1912 Wajerumani walichagua wajumbe wa baraza lao. Wasoshalisti, chama cha wafanya kazi, walipata viti 110 katika 397, kupita chama kingine cho chote. Walitaka kura ya maskini iwe sawa na ya tajiri, maana katika Prussia haikuwa hivyo. Kaisari Wilhelm II aliwachukia miaka mingi. Lakini tarehe 4 Agosti 1914, vita vilipokwisha kutangazwa, aliwaambia wajumbe jumbani mwake kwamba hatambui vyama tena, atambua Wajerumani tu. Siku ile ile Wasoshalisti nao walikubali fedha za vita. Basi madai ya kura yakanyamaza; hayakukatwa kwa haki, ila watu walionyeshwa adui ng'ambo ya mpaka. Hatusemi vita vililetwa na jambo hili tu. Twasema mtawala alijua kulitumia.

Na kanisa je? Siku hiyo, kabla baraza halijafunguliwa, Ernst Dryander, mhubiri wa jumba la kifalme, alihubiri katika kanisa kuu la Berlin juu ya Rum. 8:31. Neno ambalo Paulo aliwaandikia watu walioteswa likafanywa ngao ya majeshi. Twaandika haya kwa huzuni, kwani waliowaletea babu zetu Katekisimo walitoka nchi ile.

Vita vikafika hata kwetu. Makumi ya maelfu ya wapagazi, wa pande zote mbili, walikufa kwa njaa na maradhi, na hapakuwa na mjumbe wao hata mmoja katika baraza la Berlin. Huko Ujerumani kwenyewe mkate ulipungua, Wasoshalisti wakagawanyika mwaka wa 1917, na Novemba 1918 Kaisari akakimbilia Uholanzi.

Ndugu waalimu, kuwaombea wenye mamlaka tumeagizwa (1 Tim. 2:2). Lakini tukiletewa neno la kusomwa ibadani juu ya ubaya wa taifa jingine, na tuulize kwanza: jana watu walikuwa wakilalamikia nini sokoni, bei ya unga, kodi, au ndugu zao waliofungwa bila hukumu? Na leo, ni nani anayelisema jambo hilo tena?