Dhamana ya Mwalimu katika Anguko la Shujaa

Kuna swali la kale ambalo watu wa kila zama wamejiuliza: mwanafunzi akipotoka, lawama ni ya nani? Wako wasemao kuwa mwalimu ni mpanzi, na mavuno mabaya ni fedheha yake. Wako pia wasemao kuwa kila mtu huchukua mzigo wake mwenyewe. Kwa desturi swali hili hujadiliwa katika vitabu vya dini na maadili. Mimi nataka kulitazama mahali ambapo wasomi wengi hawatazamii kulikuta, yaani katika sinema za njozi za anga za juu, na hasa zile za Star Wars ambazo George Lucas wa Marekani aliziongoza, zikaonyeshwa mwaka 1999, 2002 na 2005.

Kwa muhtasari habari yenyewe ni hii. Anakin Skywalker ni mtoto wa miaka 9, mtumwa pamoja na mama yake katika sayari ya jangwa. Qui-Gon Jinn, mmoja wa mashujaa wa chama cha Jedi, anampatia uhuru kwa dau la mashindano, lakini mama anabaki utumwani. Baraza la wakuu wa chama lamwona mtoto amejaa hofu na amepita umri wa kupokewa. Baadaye Qui-Gon anauawa, na katika kukata roho anamwusia mwanafunzi wake, Obi-Wan Kenobi, amfunze mtoto huyo. Miaka 13 hivi ikiisha kupita, mtoto yule ndiye Darth Vader, mwuaji wa watoto wa chama chake na mtumishi wa mtawala dhalimu.

Wahenga walisema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Anakin alifunzwa na mamaye, na funzo lile lilikuwa jema. Lakini waliomchukua walidhani kuwa mama ni kitu ambacho mtoto hodari aweza kuamriwa kukisahau. Katika miaka 10 iliyofuata hatumwoni hata mmoja wao akirudi kumkomboa yule mama. Aliyemkomboa ni mkulima aliyempenda akamwoa. Anakin alipomfikia, alimkuta mikononi mwa watesi, akafa akiwa amempakata. Kwa ghadhabu aliua kijiji kizima, wanawake na watoto pamoja. Siri ile ilijulikana kwa mwanamke aliyempenda, na ilijulikana kwa Palpatine, mkuu wa Jamhuri, ambaye kwa siri alikuwa adui wa Jedi. Hatuoni mahali popote kwamba Anakin alimweleza mwalimu wake.

Katika sinema ya mwaka 2005 Anakin aota kwamba mkewe, Padmé, anakufa katika uzazi. Anamwendea Yoda, mzee wa walimu wote. Lakini ndoa yake ni ya siri, kwa kuwa sheria ya Jedi yakataza pendo la namna hiyo; basi hawezi kumtaja anayemhofia. Yoda auliza kama ni mtu wa karibu naye, aambiwa ndiyo, na hapo maulizo yanakoma. Kisha amfundisha kwamba kifo ni sehemu ya maisha, na kwamba imempasa ajizoeze kuyaachilia yote anayoogopa kuyapoteza. Jibu hili si la upumbavu. Wenye hekima wengi wa dunia wamefundisha kama hivyo. Kosa lake ni kuwa lilijibu swali bila ya kumjibu muulizaji.

Palpatine alikuwa mwongo, lakini alikuwa msikilizaji. Alimsimulia kijana hekaya ya mtu aliyejua kuwazuia wapenzi wake wasife, akamwacha aombe mwenyewe kufundishwa elimu hiyo. Wakati huo huo Baraza lilimpa Anakin kiti bila ya cheo cha ualimu, na kwa kinywa cha Obi-Wan likamtaka ampeleleze Palpatine kwa siri. Walimfundisha uaminifu kwa miaka mingi, kisha wakamtuma hiana. Hivyo mshawishi hakuhitaji kuvunja mlango. Aliukuta umeachwa wazi na walinzi wenyewe.

Hata hivyo, haifai maelezo yageuke udhuru. Luke, mwana wa Anakin, alifundishwa na wazee wale wale wawili, Obi-Wan na Yoda. Katika sinema ya mwaka 1977 Obi-Wan alimwambia kuwa Vader ndiye aliyemwua baba yake, naye alimficha kuwa Vader ndiye baba mwenyewe. Katika ile ya mwaka 1983 alimfahamisha kuwa asipoweza kumwua baba yule, dhalimu amekwisha shinda. Luke alimshinda baba yake kwa upanga, kisha akautupa upanga, na kwa kukataa kwake kuua, baba aliokoka na uovu. Walimu walikuwa wale wale na upungufu wao ule ule, lakini wanafunzi walichagua njia mbili.

Basi lawama si mkate, hata tuseme kuwa fungu la mmoja likizidi, la mwenzake hupungua. Anakin ana hatia nzima ya damu aliyoimwaga, na walimu wake wana hatia nzima ya kutomjua. Obi-Wan alikiri mbele yake kwamba ameshindwa kumlea, lakini alikiri panga zikiwa mikononi, saa ambayo kukiri hakuponyi tena.

Sisi tulio walimu hupenda kupima kazi yetu kwa ukweli wa yale tuyasemayo. Kipimo hicho ni cha haki, lakini ni nusu ya kipimo. Nusu ya pili ni kujiuliza kama mwanafunzi mwenye jambo la aibu aweza kutuletea jambo hilo kabla ya kulipeleka kwa mwingine. Asipoweza, tumefundisha uso aliotuonyesha, na moyo wake tumemwachia yeyote atakayekuwa na subira ya kuusikiliza.