Raha ya Sauti, Deni la Neno

Mtakatifu Agostino alikuwa na hofu ambayo sisi wa Lipingo, mwambao wa Ziwa Nyasa, hatukulelewa nayo. Katika kitabu cha 10 cha Maungamo, anasema kwamba mara nyingine uimbaji humgusa kuliko maneno yanayoimbwa, na ikitokea hivyo hujihesabu mkosaji. Niliposoma hapo nilicheka. Mama yangu alikuwa akianika dagaa ufukweni huku akiimba nyimbo za kanisani ambazo beti zake hakuzijua zote. Palipopungua neno alitia lake, mara nyingine jina la mtu aliyekopa dagaa na hajalipa. Nani angethubutu kumwambia kwamba hasali?

Hata hivyo, swali la Agostino halifukuzwi kwa kicheko. Siku moja nilikuwa melini usiku, tumetoka Mbamba Bay tunaelekea bandari ya Itungi kule Kyela. Simu ya abiria mmoja ikapiga wimbo wa kwaya wa zamani. Sikuwaza mbingu hata kidogo. Iliyonijia ni harufu ya dagaa mbichi, na mchanga wa moto chini ya nyayo. Basi wimbo ule ulinipeleka kwa Mungu, kwa mama, au kwangu mwenyewe nilipokuwa mtoto?

Tazama mganda, ngoma ya wanaume wa mwambao wetu. Wachezaji hujipanga kwa safu, nguo safi, hatua moja, ngoma kubwa ikiongoza. Mgeni hudhani ni ya tangu enzi za mababu. Sivyo. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, anauweka mganda katika ukoo huo wa ngoma zilizoiga gwaride na bendi za kikoloni. Na vita vya wakoloni hao, Vita vya Kwanza vya Dunia, vilifika hapa mapema mno: Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli. Wanaume wetu wakabebeshwa mizigo na bunduki za vita visivyokuwa vyao. Leo vijana wanapiga hatua zilezile wakicheka, akina mama wanapiga vigelegele. Mguu umekumbuka gwaride. Amri, njaa na viboko vimeachwa njiani.

Hapo ndipo ninapomwelewa Agostino, ingawa kwa njia yangu. Muziki ni mtunzaji hodari wa hisia, lakini sababu hauna haja nayo.

Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alilijua jambo hili kwa upande mwingine. Mwaka 1963 alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya liturujia iliyotaka muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake. Hoja ni kwamba mtu akisali kwa tuni isiyo na kumbukumbu zake, huimba kama mgeni. Nakubali, ila si moja kwa moja: tuni ya Kijerumani aliyoiimba mama miaka yote ile juu ya chanja la dagaa imekwisha kuwa ya Lipingo, na Ulaya wasije kuidai.

Mimi huandika hadithi, tena mbali na ziwa, Dodoma kwenye vumbi. Kabla ya kushika kalamu huimba. Tuni hunipa mwambao mzima, mpaka namna mtumbwi unavyokwaruza changarawe. Ila nikitaka kuandika wimbo fulani wa mganda ulitungwa na nani, baada ya ajali ipi, na nani hakurudi kutoka ziwani, tuni hainijibu. Napiga simu nyumbani. Mjomba anauimba wote, kisha ananiambia, “Mwanangu, sisi tuliukuta hivyo hivyo.”

Kwa hiyo simhesabii mtu dhambi kwa kuifurahia sauti kuliko neno. Namhesabia deni. Wewe unayerekodi mganda kwa simu na kuurusha kwenye makundi ya WhatsApp, kabla hujaurusha muulize mtunzi jina lake na kisa cha wimbo, uviandike chini ya video.